Mtoto analala kwenye baraza ya duka ninalolinda, shule inataka cheti cha kuzaliwa. Nifanyeje?

Soja_wa_Lindo – 17 Januari 2021

Hamjambo wote. Mimi ni soja wa usiku, nalinda maduka matatu yaliyoshikana hapa Oginga Odinga Street, Kisumu. Kuandika marefu sijazoea, na simu yenyewe nimeazima kwa mwenzangu wa lindo la pili, kwa hivyo mnivumilie.

Kuna kijana, nitamwita Odi ingawa silo jina lake. Anasema ana miaka 12. Ukimtazama utampa 9. Tangu Juni mwaka jana analala kwenye baraza yangu juu ya maboksi, yeye na wenzake wanne, siku nyingine sita. Kabla ya korona nilikuwa nawafukuza, siwafichi. Ndiyo kazi niliyoandikiwa. Lakini kafyu ilipoingia tarehe 27 Machi, ikifika saa moja jioni mji ulibaki wa mbwa, polisi wa doria, mimi na watoto. Amri ilisema kila mtu awe kwake. Sasa mtoto ambaye kwake ni hapa miguuni pangu, nimfukuze aende wapi? Nikawaambia laleni, ila saa kumi na moja alfajiri baraza iwe imefagiwa.

Wengine ni wa mjini tangu zamani. Odi si wa mjini, ni wa Nyando. Mwaka jana shule zilipofungwa wiki ile ya tarehe 16 Machi alikuwa darasa la tano, akakaa kwa nyanya yake. Mafuriko yakaja, maji yakaingia nyumbani hadi kwenye kitanda, wakahamishiwa kambini, na kambi yenyewe ilikuwa shule ya msingi. Kwa hiyo huyu alirudi darasani kabla ya wanafunzi wote wa Kenya, lakini alirudi kulala. Kambi ilipovunjwa nyanya akaenda kwa binti yake aliyeolewa, chumba kimoja watu tisa. Odi akadandia lori la mchanga likamshusha soko la Kibuye, hapa mjini.

Kilichonifanya niandike ni redio. Nina redio ndogo ya betri mbili, ya kunizuia usingizi. Mwezi wa saba Odi akaniomba niwe namwachia asubuhi ninapokwenda kulala. Nikajua anataka kuiuza. Nikampa tu, nikaiaga. Jioni akairudisha, akaniambia, "Leo mwalimu wa redio alikuwa kwenye hesabu za sehemu." Kumbe anasikiliza masomo ya KBC, redio ya taifa, huku anaokota chupa, redio ameifunga kifuani kwa kamba ya gunia! Mwalimu wa redio ana ubaya wake: hangoji mtu na haulizwi. Akisema tazameni mchoro ulio kitabuni, Odi hana kitabu. Basi maswali yote yananingoja mimi usiku, mimi niliyeishia CPE, mtihani ule wa zamani wa darasa la saba. Tunachora kwa mkaa sakafuni, alfajiri tunaosha kabla tajiri hajafika.

Shule zimefunguliwa tarehe 4. Jumatatu iliyofuata nilitoka lindo nikampeleka shule moja ya hapa mjini, sitaitaja. Nikatakiwa nilete cheti cha kuzaliwa, barua ya kuhama, kitambulisho cha mzazi, barakoa mbili, sare na dawati. Nikasema mimi si mzazi. Wakaniuliza, "Sasa wewe ni nani yake?" Hapo nilikosa neno. Odi alikuwa nyuma yangu anawatazama watoto wakinawa mikono kwenye foleni. Siku ile alinirudishia redio mchana mchana, na tangu hapo hajaitaka.

Naomba kujua. Anaweza kuingia bila cheti? Aingie darasa gani? Na mimi nikimsimamia, kesho si nitaitwa mwizi wa watoto?

Mama_Kibuye – 17 Januari 2021

Soja, nia yako ni njema, lakini kwa nini usimrudishe kwa nyanya yake? Hawa wakishaonja pesa ya chupa na gundi hawakai darasani. Nimewaona miaka kumi na mbili hapa sokoni. Watakuibia hiyo redio.

Soja_wa_Lindo – 17 Januari 2021

Mama, nyanya nimempigia. Anasema mtoto akirudi atalala wapi, mkwe wake ameshaanza kuhesabu sahani. Gundi Odi havuti, wenzake wawili wanavuta, sitakudanganya. Redio ninayo.

Mwalimu_wa_Rhonda – 18 Januari 2021

Ndugu Soja, pole kwa lindo. Mimi nafundisha shule ya msingi ya serikali hapa Nakuru, mtaa wa Rhonda, na niliwahi kukaa kwenye ile meza uliyosimama mbele yake. Nitakueleza kinachoendelea nyuma ya meza, maana hukuelezwa.

Cheti kinatakiwa kwa sababu ya NEMIS, ule mfumo wa kompyuta wa wizara. Mtoto huandikishwa humo kwa cheti cha kuzaliwa, akapewa namba ya utambulisho, UPI. Asiye na namba, serikali haimtumii mgao wake, na mgao wa mtoto wa msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Mwalimu mkuu akimpokea Odi bila namba, chaki yake na karatasi zake za mtihani zitatoka kwenye fungu la wenzake. Sisemi ni sawa. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na hakikuongeza maneno "ikiwa ana karatasi". Nasema tu ujue yule aliyekurudisha alikuwa anapiga hesabu, asikutie uchungu zaidi ya inavyostahili.

Sasa shika hili. Odi alikuwa shuleni Nyando hadi Machi mwaka jana. Kama shule ile ilimwandikisha, namba yake ipo mpaka leo, mafuriko hayakuifikia. Shule mpya inamwomba humo ndani ya mfumo, shule ya zamani inamwachilia, basi. Huhitaji cheti kipya ili aanze. Tafuta namba ya simu ya mwalimu mkuu wa kule. Chifu wa eneo hilo hakosi kuwa nayo. Machifu wenyewe wameagizwa wawasake watoto ambao hawajarudi, kwa hiyo unamsaidia kazi. Na muulize Odi jina lake la shuleni. Watoto hawa huwa na jina la daftari na jina la barabarani, na kompyuta inajua moja tu.

Ikiwa hana namba, uliza kama kuzaliwa kwake kuliandikwa. Kama kuliandikwa, ofisi ya usajili inatoa cheti kingine. Kama hakuandikwa kabisa kuna usajili uliochelewa, na huo unaanzia kwa naibu wa chifu wa kwao, pamoja na kadi ya kliniki au ya ubatizo, na kitambulisho cha mzazi au huyo nyanya. Utakuzungusha. Mwambie mwalimu mkuu ampokee huku shughuli ikiendelea, na uende na mtu mwenye cheo hata kidogo, mzee wa mtaa au mtu wa kanisa. Inaudhi, lakini sare ya soja na kofia mkononi havina uzito ofisini kama koti.

Dawati usinunue. Serikali imetoa shilingi bilioni 1.9 za madawati kwa ajili ya ufunguzi huu huu. Wakikazana, waambie atakaa chini. Hawatakubali aonekane chini.

Darasa ni la tano. Waziri wa elimu, Profesa Magoha, alipotangaza Julai kwamba mwaka 2020 umepotea, maana yake kila mtoto anarudi alipoachia. Waliotangulia tarehe 12 Oktoba ni darasa la nne, la nane na kidato cha nne peke yao. Muhula huu tulioanza Januari ni muhula wa pili wa mwaka jana. Kwa hiyo kwenye karatasi Odi hajachelewa hata siku moja.

Kwenye karatasi tu. Jirani yangu aliajiri mwalimu aje nyumbani kila asubuhi. Mwanawe amemaliza kitabu cha darasa la tano na anakula cha sita. Mimi nilifungua kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa langu. Watoto 83, wazazi walioingia 11. Nilituma mazoezi kila siku ya Mungu, nikipiga picha ubao niliounda sebuleni, nikajiona nafanya kazi. Wale 72 sikuwauliza wako wapi. Septemba ndipo nilipokutana na msichana wangu mmoja akivunja kokoto kando ya barabara ya Kaptembwo, akaficha nyundo nyuma ya sketi na kunisalimia, "Shikamoo mwalimu." Tangu hapo lile kundi sikuweza kuliangalia. Sasa tumefungua na nina watoto 70. Kumi na watatu nawatafuta jioni kwa miguu.

Kuhusu kuitwa mwizi wa watoto, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo kabla hujafanya lolote zaidi. Mweleze kama ulivyotueleza, jina lako liandikwe. Ukishindwa kumpata, piga 116, ni bure, hata kwa simu ndogo ya kabambe. Usimpeleke mtoto kulala kwako kimyakimya, hata mvua ikinyesha. Najua moyo utakusukuma.

Kijana_wa_Gioto – 19 Januari 2021

Mzee, shikamoo. Mimi nilikulia jalala la Gioto hapa Nakuru, kwa wasiojua ni ule mlima wa takataka juu ya mtaa wa London. Leo ni fundi wa pikipiki. Shule nilipelekwa mara tatu, nikatoroka mara tatu, ya nne ndiyo niliyokaa. Mwalimu amekuambia ya ofisini. Mimi nikuambie ya mtoto mwenyewe.

Kwanza, sare ataiweka wapi? Hakuna anayeuliza hilo! Wafadhili wanakupa sare mpya Ijumaa, mnapigwa picha, Jumapili usiku imeibwa au umeilalia ikanyeshewa. Jumatatu ukienda bila sare unarudishwa, ukienda nayo ikinuka unachekwa. Mtafutie mama wa chapati karibu na shule, sare ilale kwake. Odi apite pale asubuhi, anawe, avae, na jioni avue aiache. Mimi nilifanyiwa hivyo na mama mmoja wa mahindi ya kuchoma na ndiyo sababu nilikaa.

Pili, njaa. Shule zilipofungwa watu walisema watoto wamepoteza masomo. Sisi wa jalala tulijua wamepoteza githeri ya saa saba. Kuna watoto wa nyumba kabisa, wenye mama na baba, waliokuja Gioto mwaka jana kuokota vyuma kwa sababu hiyo sahani ilikuwa imefungwa pamoja na shule. Nilikuwa nawajua kwa jinsi walivyoshika gunia, kwa vidole viwili. Sasa uliza kama hiyo shule yake ina chakula. Kama haina, akifika saa saba mchana ataondoka akatafute, na hatarudi saa nane. Huo si utoro.

Tatu, usimkataze kuokota chupa Jumamosi. Utaona kama unamwokoa. Yeye anaona umemnyang'anya shilingi mia na hamsini na heshima ya wenzake, na hao wenzake ndio wanaomlinda usiku ukisinzia (soja nanyi husinzia, tusidanganyane).

Nne, wiki ya tatu atatoweka. Usimfuate na kiboko wala na mahubiri. Mwachie redio.

Nyar_Ahero_Minnesota – 23 Januari 2021

Nimesoma hii nikiwa kwenye basi nikalia mpaka barakoa ikalowa. Kwetu ni Ahero, maji ya Nyando nayajua tangu utoto. Huku Marekani nafanya kazi katika ofisi ya shule, Minnesota, na nataka mjue jambo moja. Kuna sheria huku ya mwaka 1987, inaitwa McKinney-Vento. Mtoto asiye na makazi akifika shuleni anaandikishwa papo hapo, karatasi zinatafutwa baadaye, na kutafuta huko ni kazi ya shule. Kila wilaya ya shule lazima iwe na mtu wa kuwashughulikia hao watoto. Na hiyo sheria haingoji ulale barazani. Nyumba ikikushinda ukaenda kubanana kwa ndugu, umeshahesabiwa kuwa huna makazi. Kwa hiyo huku Odi angehesabiwa hata kama angekaa na nyanya kwenye kile chumba cha watu tisa.

Lakini msidhani huku ni peponi. Anayemtambua mtoto kama huyo ni mwalimu wa darasa, anayeona nguo zile zile siku tano, au dereva wa basi la shule. Madarasa yalipohamia kwenye kompyuta hayo macho yalifungwa. Novemba kulitoka uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Michigan na shirika moja la kutetea watoto hao, ukakadiria kwamba waliotambuliwa msimu huu wamepungua kwa watoto wapatao 420,000. Katikati ya janga, watu wakipoteza kazi, wasio na makazi wapungue? Hawakupungua, hawaonekani. Na Agosti kule Salinas, California, wasichana wawili walipigwa picha wamekaa chini nje ya mkahawa wakifanya kazi ya shule kwa intaneti ya mkahawa. California, wanakobuni hizo kompyuta.

Nanyi hapo Kisumu si mlikuwa na yale mabaluni ya kampuni ya Loon yakielea kilomita 20 juu yenu, yakimwaga intaneti tangu Julai? Wiki hii nimesoma kwamba wanafunga. Ndugu Soja, je, Odi aliwahi kuyaona hata moja?

Soja_wa_Lindo – 24 Januari 2021

Dada, baluni sijaona na Odi nimemuuliza, akacheka. Intaneti itue juu ya nani, sisi tuna redio. Betri ndizo zilizotupiga, jozi haimalizi wiki akisikiliza mchana nami usiku.

Asanteni wote. Mwalimu, chifu nimempata. Jina la shuleni kweli ni lingine kabisa, hata mimi sikulijua. Kijana wa Gioto, kuhusu kusinzia, nakuachia.

Soja_wa_Lindo – 14 Februari 2021

Nimerudi na habari kidogo, maana kuna watu wameniuliza.

Mwalimu mkuu wa Nyando alikuwa na namba yake. Alimwachilia kwenye kompyuta tarehe 28, baada ya mimi kupiga simu mara sita, kwa sababu kule stima ilikuwa imepotea siku tatu. Nilikwenda na mzee wa kanisa aliyevaa koti, kama Mwalimu alivyosema, na kweli tulipewa viti. Odi aliingia darasa la tano Jumatatu tarehe 1. Dawati halikutajwa tena. Wamekaa wanne kwenye dawati la watu wawili. Ile mita moja ya kuachana imeandikwa ukutani tu. Kwenye kitabu cha kuandikisha kuna mahali pa uhusiano na mtoto. Karani alinitazama, akaandika "soja".

Sare inalala kwa mama wa chapati. Viatu navyo tulisahau kuviacha kule, vikaibwa usiku wa pili, nikiwa macho, sijui vipi. Akakaa siku mbili haendi. Sikumfuata. Siku ya tatu niliona amefunga nyayo kwa mpira wa tairi kama ndara, akaenda. Wakati anatoka akasema mwalimu wa hesabu huyu wa sasa ukimuuliza anajibu.

Afisa wa watoto alikuja kwenye lindo, mama mpole. Ameandika kila kitu. Anataka Odi atoke barazani ahamie nyumba ya watoto, na nyumba aliyoitaja imejaa hadi Aprili. Odi naye hataki kuachana na wenzake, hasa mmoja mdogo anayevuta gundi, ambaye sasa anafundishwa kusoma usiku kwa mkaa wangu. Mvua za mwezi wa tatu zikija na upepo wa ziwani, baraza hii huingia maji mpaka mlangoni. Hilo bado sijalipatia jibu.

Kwa sasa natafuta atlasi ya shule ya msingi, hata kama imeng'oka jalada. Aliyenayo aiache kwa mama wa chapati mchana au anikute mimi kuanzia saa kumi na mbili jioni. Na jozi ya viatu, namba 3.